Oili Uliyokwenda Kumwaga Kitwe

Kaka yangu Ambwene,

Shuleni Ibaba tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake, ndipo tumjulishe ya nyumbani. Hali yako sikuulizi tena. Ya nyumbani nitakueleza yote, maana mengi yametokea tangu uvuke mpaka, na mojawapo ni kwamba lile gari la bluu lilirudi. Lilirudi bila wewe. Ninaandika hapa hapa gereji, Mpemba, nimekalia tairi la lori ulilokuwa unalikalia, na geti nimelifunga mchana kweupe. Wateja wanagonga. Nawaacha wagonge.

Unakumbuka ulivyonichukua? Ndoa ilikuwa imenishinda, nimerudi kwa mama na begi moja, na watu wa kijijini wanapita kutusalimia huku macho yakilitafuta begi. Wewe ulipanda kutoka Tunduma ukanikuta nachimba viazi kwenye ukungu wa asubuhi, hata uso wangu hukuuona vizuri. Hukuniuliza kilichotokea. Uliniuliza, "Tumpe, una viatu vya kufunika vidole?" Nikasema ninavyo vya sekondari. "Vitafaa," ukasema. Kesho yake tukashuka pamoja.

Nilidhani naenda kukupikia, kumbe ulitaka mtu wa kuosha vyuma. Ulinipa beseni la dizeli na brashi, ukanimwagia gia za lori la watu, ukaniambia nikimaliza kuosha kila moja nipitishe kidole kwenye meno yake yote, nitafute palipovunjika. Nilipolipata la kwanza nilikuita kama mtu aliyeona nyoka. Ulikuja mbio, ukaligeuza kwenye mwanga, ukasema, "Haya, sasa tumekuwa wawili." Sijui kama ulijua maneno hayo yalinifanya nini. Tangu nitoke kwa yule mwanaume hakuna aliyekuwa amenihesabu kwenye kitu chochote.

Malori ya Zambia na Kongo yalitulisha miaka ile. Dereva mmoja alikataa nisiguse gari lake. "Huyu dada ndiye afungue giaboksi yangu?" Ukamjibu bila kutoka chini ya gari, "Na ndiye atakayeifunga." Akacheka, akatafuta pa kukaa. Kila kazi ikiisha ulinipandisha mimi kwenye usukani, gari likiwa juu ya jeki, niingize gia moja baada ya nyingine, na wewe umeegemeza kipande cha nondo kwenye kasha la gia, ncha ya pili umeibana sikioni, macho umefumba. Watu walidhani unasali.

Halafu likaja gari la bluu.

Kilikuwa kiangazi, vumbi limepanda mpaka kwenye paa. Lilikuja likivutwa kwa kamba na pikapu, gari la spoti lenye milango miwili, limelala chini hata mama muuza chai akauliza kama matairi yameisha upepo. Mwenyewe alikuwa Mzambia wa Kitwe, amelitoa bandarini Dar na kuliendesha mwenyewe, na tulimwita Bashi Mutale kama walivyomwita wenzake, yaani baba yake Mutale. Jina lake hasa hatukuwahi kulijua, na hilo nililijutia baadaye. "Mulishani, ba fundi," alikusalimia. Alikuwa karibu kulia. Wengine pale barabarani walishamwambia aitoe giaboksi hiyo, aweke ya pikapu, mradi afike kwake.

Ulimketisha kwenye usukani, injini ikiwaka, ukamwambia akanyage klachi, aachie, akanyage tena. Akikanyaga, mlio uliokuwa ukitoka kwenye giaboksi unakata. Akiachia, unarudi. "Beringi ya mbele," ukaniambia. Na gia ya tatu ilikuwa inaingia kwa kelele, kisha inajitoa yenyewe, liva inarudi katikati kama imesukumwa na mkono. Tulipofungua nati ya kumwagia oili, oili ilitoka na vumbi la kung'aa. Mama muuza chai akapiga kelele kwamba tumepata dhahabu. Ilikuwa shaba, ile ya ringi zinazolainisha gia wakati wa kuingia, imesagika mpaka imekuwa unga.

"Tutaitengeneza hii hii," ulimwambia Bashi Mutale. "Gari kama hili ukiliwekea moyo wa pikapu, utakuwa umenunua bodi tu."

Nilikuvuta pembeni. Nilikwambia hatujawahi kufungua giaboksi ya aina hiyo, ina gia sita, kila kitu ndani yake kimebanana. Ulinijibu, "Ndiyo maana nimekubali." Ulikuwa unacheka na macho. Nakuona sasa hivi ukicheka vile, Ambwene, na natamani kuirudia ile siku nikushike shati, nikatae kabisa, nimwambie yule baba akatafute mafundi wengine.

Lakini sikukataa. Nilitandika kitenge changu kizuri sakafuni kwa sababu kilikuwa ndicho kitambaa pekee kisicho na mchanga, tukazipanga gia juu yake kwa mfuatano, kila moja ikitazama upande iliotoka. Beringi tuliipata Mbeya. Ringi ya gia ya tatu ilitoka Dar, ikaja na basi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Beringi ilipokataa kuingia kwenye shafti, uliichemsha kwenye sufuria ya oili juu ya jiko langu la mkaa mpaka ikatanuka, ukaikamata kwa kibanio, ukaiachia ikateleza mpaka mahali pake kwa mlio mmoja tu. Ulinitazama kama mtoto aliyefunga goli. Sufuria ile sikuipikia tena.

Tulipoifunga mara ya kwanza, rivasi ilikataa. Tukaishusha giaboksi upya, tukafungua yote, tukakuta ringi moja tumeipindua. Mgongo ulikuwa unaniuma, mikono imechubuka, nikaanza kutukana kwa Kindali. Wewe ukakaa chini ukacheka mpaka ukapaliwa. "Mama akikusikia," ukasema, "ataniuliza mimi ndiye niliyekufundisha hayo?"

Siku ya kuijaribu ulinipa mimi funguo. Tukaelekea upande wa Vwawa, malori yamepanga foleni upande wa pili, na mimi nimekaa chini mno kiasi kwamba nayaona matairi yao usawa wa kichwa changu. Kwanza, pili, tatu. Tatu ikaingia kama mkono kwenye mfuko wa shati. Tulipopanda kilima ukafumba macho.

"Umesikia?" uliniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndicho hicho."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kaka. Nakuandikia ili ujue. Si siku ya harusi, si siku nyingine yoyote.

Ulimweleza Bashi Mutale vizuri kwamba oili tuliyoweka ni ya kuoshea. Vyuma vipya vinaposagana na vya zamani hutoa unga, na unga huo usipomwagwa mapema utaila beringi mpya. Afike Kitwe, aimwage, aweke nyingine. Akakuomba uende naye ukaifanye mwenyewe, kwa sababu kwao hamwamini mtu. Ukakubali. Mimi nikachukua rangi nyekundu na kijiti, nikapiga mstari kwenye nati ya oili, nusu kwenye nati na nusu kwenye kasha, kama tulivyofanya siku zote, ili yeyote atakayeigusa tujue. Siku ya kuondoka niliwasindikiza mpaka kwenye kizuizi. Ulitoa kichwa dirishani ukasema, "Ile ya lori la Mkongo usiifunge peke yako, nirudi tuifunge." Mkavuka, mkapotelea Nakonde.

Ulinipigia mara moja tu, kutoka Mpika. "Gia ziko poa. Mwambie mama namletea kitenge cha Zambia." Nyuma yako kulikuwa na mtu anacheka. Simu ikakatika, na mpaka leo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyoisikia.

Siku zilipopita bila wewe, nilimpigia Bashi Mutale. Alichelewa kupokea. Akaniambia, kwa kile Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibemba, kwamba mlifika Kitwe salama, ukaimwaga oili, ukaweka mpya, akakupeleka stendi, akakuona unapanda basi la kurudi Nakonde. "Alikuwa mzima, mukwai," akasema, kwa neno lao la heshima. "Alinipungia mkono." Nilipompigia tena baada ya wiki, namba ilikuwa haipatikani.

Nilivuka, kaka. Usije ukadhani nilikaa. Nilikwenda mpaka Kitwe na picha yako, nikasimama stendi nikimwonyesha kila kondakta. Kwa kuwa niliambiwa ulipanda basi, niliyatafuta mabasi. Niliuliza ajali za mabasi, polisi walioshusha abiria kwenye mabasi, hospitali kubwa zilizopokea abiria wa mabasi. Kondakta mmoja akaniambia amekuona Kapiri Mposhi, nikarudi Kapiri Mposhi, alikuwa ni mtu mwingine, hata hafanani. Njia nzima nilikuwa dirishani. Nimepita mara mbili mbele ya mahali ulipokuwa, na sikugeuza shingo.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema miezi imekuwa mingi, tuweke matanga, tuyaanue, watu waendelee na maisha. Mama akasimama mbele yao akasema, "Sijaona maiti, sijaona kaburi. Mnataka nimlilie nani?" Akaingia ndani akafunga mlango. Baba mdogo amemkasirikia mpaka leo. Mvua zilipoanza, kifua cha mama kikashindwa na baridi ya Ibaba, nikamleta akae na mimi. Kila asubuhi alikuja gereji, akakaa kwenye kigoda karibu na geti akichambua maharage. Alisema anapenda kuona watu. Alikuwa anakusubiri wewe, na sote wawili tulijua, na hatukuliongelea.

Hivyo siku gari la bluu lilipotokea, yeye ndiye aliyeliona kwanza.

Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia vigelegele. Mama yetu, Ambwene, ambaye kutembea kwake sasa ni kwa kushika ukuta, alikuwa ameshafika barabarani, maharage yote yamemwagika, anapiga vigelegele na kulia. Akaushika mlango wa abiria kabla gari halijasimama sawasawa, akaufungua. Kwenye kiti kulikuwa na mkoba wa mwanamke na chupa ya maji. Akauondoa mkoba ule kama vile wewe umejificha chini yake. Akainama akaangalia nyuma ya kiti. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?"

Dereva alikuwa mama wa makamo, Bana Chola, yaani mama yake Chola, mfanyabiashara wa nguo wa Kitwe. Alikuja Tunduma kufuata mzigo. Gari alikuwa amelinunua kwa Bashi Mutale, na gia ya tatu ilikuwa imeanza tena kujitoa. Bashi Mutale alimwambia kwamba likisumbua alipeleke Mpemba, kwa mafundi walioitengeneza giaboksi, lakini yeye mwenyewe hataki tena kuliona. Bana Chola hakuelewa kwa nini. Alikuwa amesimama pale na funguo mkononi, anamtazama mama aliyekaa chini kwenye vumbi, anauliza, "Nimekosea nini?"

Nililiingiza gari ndani kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikalipandisha jeki, nikajisukuma chini yake na taa.

Mstari wangu mwekundu ulikuwa palepale.

Nusu kwenye nati, nusu kwenye kasha, umekutana vilevile kama nilivyouchora. Vumbi limeufunika, lakini nilipoufuta kwa kidole uling'aa. Nati ile haikuwa imeguswa na mtu yeyote. Nililala pale chini sijui kwa muda gani. Niliifungua, oili ikatoka nyeusi, nzito, imejaa unga wa chuma, oili ileile niliyoimimina mimi mwenyewe wakati wewe umeshika chujio. Ulikuwa umekwenda Kitwe kwa kazi hiyo moja tu. Nakujua. Usingekunywa hata maji kabla hujaifanya. Kama oili haikumwagwa, basi hukufika Kitwe, na yule aliyeniambia alikuona ukipunga mkono stendi alinidanganya.

Bana Chola alikuwa na namba mpya ya Bashi Mutale. Nilimwomba apige yeye. Alipopokea, nikaichukua simu nikaiweka kwenye spika, kwa sababu mama alikuwa amenishika mkono na hakuwa tayari kuuachia.

"Bashi Mutale, ni Tumpe wa Mpemba. Nimefungua giaboksi."

Sikumsubiri ajibu.

"Oili haijamwagwa, baba. Ni ile ile. Nieleze kaka yangu yuko wapi."

Nilimsikia anavuta pumzi, kisha nikamsikia mtu mzima analia kama mtoto. Akaanza kusema. Mlikuwa mmepita Mpika, mnaelekea Serenje, na watu walikuwa wamechoma majani kando ya barabara, moshi umetanda. Ulimwambia umesikia kitu usichokielewa, unataka kuangalia sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili, kama inavujisha. Akaegesha pembeni, lakini pembeni yenyewe ilikuwa nyembamba. Ukalala chini ya gari, miguu nje. Alikuuliza kama inavuja. Akasema alikusikia vizuri ukijibu kutoka kule chini: "Kavu kabisa." Na hapo lori likatokea kwenye moshi.

Lori halikusimama. Alikubeba kwa gari lile lile mpaka hospitali ndogo kando ya barabara. Ulikuwa bado unaongea. Ulimwomba maji, akatoka kwenda kununua. Aliporudi na chupa, wauguzi walikuwa wameshakufunika. Gari lilikuwa na karatasi ambazo hazijakamilika, akaogopa polisi wangemshika, wangesema ni yeye aliyekugonga. Alikuwa amewaambia kwamba amekuokota barabarani, hakujui. Akaondoka hivyohivyo. Hakuwatajia hata jina lako.

"Simu yake je?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Ilivunjika, mukwai. Niliitupa. Nisamehe."

Mama hakuelewa Kiswahili kile cha haraka, cha kilio, kilichojaa maneno ya Kibemba. Alikuwa ananitazama usoni muda wote. Simu ilipokatika akaniuliza kwa Kindali, "Anasemaje?" Nikamrudishia Bana Chola simu yake. Akaniuliza tena. Ilibidi mimi, kwa mdomo wangu huu, nimwambie mama yetu kila kitu kuanzia moshi hadi chupa ya maji, kwa lugha yetu, kwa maneno yale yale tunayotumia kuulizana habari za shamba. Nilipofika kwenye maji alinizuia. "Alikuwa na kiu," akasema. Akalirudia hilo mchana kutwa. Alikuwa na kiu.

Giaboksi niliitengeneza. Utaniuliza niliwezaje, na mimi mwenyewe sijui. Bana Chola alisema tuache, atalivuta mpaka kwao, lakini nilimkatalia. Nilipitisha kidole kwenye meno yote. Beringi uliyoitelezesha kwa mkono wako ilikuwa imeliwa na ule unga, ikabidi niitoe. Nilikuwa nikifika mahali najikuta nanyoosha mkono pembeni bila kutazama, nasubiri uniwekee spana. Nililia nikakaza nati, nikalia nikakaza nati. Mama alikaa na mimi muda wote, na nilipomaliza aliuliza, "Litafika?" Nikamwambia litafika. "Basi atupeleke," akasema.

Bana Chola hakusita. Alimkalisha mama mbele, kwenye kiti chako. Mimi nikajikunja kwenye kile kijikiti cha nyuma kisichofaa hata mbuzi. Mama hakuwahi kuvuka mpaka maisha yake yote. Nakonde, Isoka, Chinsali, Mpika, alikuwa anauliza kila mji, "Na hapa alipita?" Namjibu, alipita. Na giaboksi ilikuwa kimya, Ambwene. Niliisikiliza njia nzima, tatu, nne, tano, sita, hakuna hata mlio, na mimi nilikuwa natamani ilie, ikwame, tusifike.

Bashi Mutale alituahidi kwa simu kuwa angetusubiri pale hospitali. Hakuwepo. Mama hakumuulizia.

Hospitali ni nyumba chache zilizopakwa rangi nyeupe, miti ya misonobari nyuma. Kwenye kumbukumbu zao umeandikwa mwanaume asiyejulikana. Nikawaambia anajulikana, nikawaandikia jina lako lote, la baba, la babu, kijiji, kata, na yule karani akaandika taratibu bila kuniharakisha. Kisha wakatuitia mzee anayetunza makaburi. Alituongoza nyuma ya misonobari, kofia ameivua.

Hapo ndipo kilichobaki moyoni mwangu kilipokatika. Kulikuwa na makaburi mawili.

Mzee yule alitueleza huku anasugua kofia yake. Kiangazi kile walizika watu wawili wasiojulikana kwa karibu sana, mmoja wa lori na mwingine aliyeokotwa kando ya reli. Aliweka vijiti vyenye alama. Mvua kubwa zikaja zikavichukua, akavirudisha yeye mwenyewe, na kusema kweli mbele ya Mungu hana hakika alikirudisha kipi wapi. "Mmoja wao ni wenu," alisema. "Yupi, siwezi kuwadanganya."

Nilimpigia magoti. Nilimwomba akumbuke. Nilimuuliza urefu, nilimuuliza upande, nilimuuliza kama mmoja alikuwa na kovu kwenye kidole gumba, lile la jeki, na yeye anatikisa kichwa tu, machozi yanamtoka. Nikaanza kufukua kwa mikono. Nataka ujue hilo pia. Bana Chola alinikumbatia kwa nyuma akanivuta, nikampiga kiwiko, akanishikilia hivyohivyo.

Mama ndiye aliyetulia. Alisimama katikati ya yale makaburi akayatazama, hili, kisha lile, muda mrefu. Halafu akakaa chini palepale katikati, akaweka mkono mmoja huku na mwingine kule, akaanza kulia. Aliomboleza kama anavyoombolezwa mtu Ibaba, kwa sauti yote, akikutaja kwa jina, akitaja siku uliyozaliwa na mvua iliyonyesha siku hiyo. Alipomaliza kukulilia wewe, akageukia kushoto akaanza upya, bila jina, "mwanangu, mwanangu." Nikamwinamia nikamwambia, mama, mmoja wao si wetu.

"Najua," akanijibu. "Huyu naye ana mama. Amefika nani kumlilia?"

Tumekaa pale mpaka jua likageuka. Nami nikalia pande zote mbili.

Wazee wanataka ufukuliwe, upimwe, urudishwe Ibaba. Ofisini wanasema inawezekana, halafu wanasema haiwezekani, wananiambia niende, nirudi. Nitaendelea kwenda. Lakini kuna siku naamka sina nguvu hata ya kufungua geti, kama leo, na sijui kama itakuja siku nikaamka vinginevyo.

Barua hii nimeamua isomwe na kila mtu, kwa ajili ya yule mwenzako. Kama kuna nyumba Tanzania au Zambia au Kongo inayomsubiri mwanaume aliyetoka kiangazi kile, akapita njia ya reli kati ya Mpika na Serenje asirudi, wafike nyuma ya ile misonobari. Na hata wasipoweza kufika, mama yake ajue kwamba mwanawe ameliliwa kilio cha nyumbani, na mama wa Ibaba, kwa sauti yake yote.

Lala, kaka yangu, upande wowote uliopo.

Mdogo wako,
Tumpe